Nani Mwenye Madaraka: Serikali Kuu au Halmashauri?

Mama mmoja wa darasa letu huuza maharage sokoni Kasulu. Jioni moja alikuja darasani na karatasi ndogo mkononi. Ilikuwa stakabadhi ya ushuru wa soko. Siku hizi anajua kusoma. Alisoma tarehe. Alisoma kiasi cha fedha. Kisha alisoma jina la halmashauri lililoandikwa juu. Halafu akauliza:

"Mwalimu, fedha hii nimeilipa halmashauri. Lakini zahanati yetu haina dawa ya malaria, na barabara yetu imekatika tangu mvua za mwezi wa tatu. Nilimwuliza mwenyekiti wa kijiji, akanituma kwa diwani. Diwani akasema mambo hayo siku hizi hayako kwake. Sasa yako kwa nani?"

Darasa zima likanyamaza. Mimi pia sikuweza kujibu palepale. Swali la mama ni fupi, lakini jibu lake ni refu, na linaanza zamani.

Kwanza tutenganishe watu wawili ambao wengi wetu huwachanganya. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Yeye ni mtu wa Serikali Kuu, sawa na Mkuu wa Mkoa aliyeko Kigoma mjini. Mwenyekiti wa Halmashauri ni mtu mwingine. Yeye ni diwani, na madiwani wenzake ndio humchagua. Mkuu wa Wilaya analeta kwetu maagizo ya Serikali Kuu. Mwenyekiti wa Halmashauri anatakiwa kupeleka mbele maneno yetu. Hapo katikati yuko Mkurugenzi wa Halmashauri. Yeye ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na msimamizi wa fedha zake, lakini anayemteua ni Rais. Kwa hiyo katika jengo lilelile la halmashauri utakuta madaraka ya aina mbili: yaliyotoka juu na yaliyotoka kwetu.

Madaraka hayo mawili yamekuwa yakivutana kwa karibu miaka mia moja.

WAKATI WA MWAMI

Zamani nchi ya Buha ilitawaliwa na Wami. Kulikuwa na Mwami wa Heru, upande wa Kasulu. Kulikuwa na Mwami wa Muhambwe, upande wa Kibondo, na Mwami wa Buyungu, upande wa Kakonko. Majina hayo hayajafa. Heru Juu ipo hadi leo, Muhambwe ni jimbo la kumchagua mbunge, na Buyungu nalo limewahi kuwa jimbo.

Wajerumani walipoondolewa katika vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji walikaa hapa tangu mwaka 1916 hadi 1921. Kisha wakaja Waingereza. Mwaka 1926 Waingereza walitunga sheria ya utawala wa wenyeji. Kwa sheria hiyo walitawala kwa kupitia Wami na machifu. Mwami aliamua kesi ndogo na kukusanya kodi ya kichwa. Sehemu ya kodi ilibaki katika mfuko wa utawala wa wenyeji, na sehemu ilikwenda kwa serikali. Lakini Bwana Shauri aliweza kumwondoa Mwami asiyetii. Mwami alikuwa na kiti, lakini mwenye nyumba alikuwa mwingine.

Wazee wetu wanaikumbuka kodi hiyo kwa miguu yao. Mwanamume alitakiwa kulipa kwa fedha, na hapa kwetu fedha ilikuwa haba. Ndiyo sababu Waha wengi walikwenda mbali, hata Tanga, kukata mkonge. Waliitwa manamba. Mtu alitoka nyumbani kijana, akarudi na mvi, na wengine hawakurudi. Kwa hiyo tunaposema kodi na madaraka, hatuzungumzi mambo ya vitabuni tu.

Si Wami wote walikuwa wanaume. Heru iliwahi kutawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na wazee wa Kasulu bado wanamtaja.

Nchi ilipata uhuru mwaka 1961. Mwanzoni mwa mwaka 1963 utawala wa machifu ulikwisha kwa sheria. Mahali pake zikawekwa halmashauri za wilaya, zenye madiwani waliochaguliwa. Halmashauri zilisimamia shule za msingi, zahanati na barabara ndogo. Zilikusanya kodi na ushuru wa mazao. Nyingi zilikuwa na kazi kubwa na mfuko mdogo.

KWANZA MFUKO, KISHA KITI

Hapa naomba tusome polepole, kwa sababu jambo hili limerudi tena baadaye.

Mwaka 1969 Serikali Kuu ilifuta kodi ya halmashauri za wilaya na ushuru wa mazao. Ikachukua pia gharama za shule za msingi, zahanati na barabara. Wananchi walifurahi, na mimi siwalaumu. Nani hupenda kulipa kodi? Lakini halmashauri ikabaki bila mfuko wake yenyewe. Miaka mitatu baadaye, mwezi Julai 1972, halmashauri za wilaya zenyewe zilifutwa. Fedha iliondoka kwanza, kiti kikafuata.

Mpango huo wa 1972 uliitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri. Serikali ilisema inatoa madaraka Dar es Salaam na kuyaleta karibu na wananchi. Ni kweli kwamba wakubwa wengi walihamia mikoani, na mambo mengi yakaamuliwa Kigoma badala ya Dar es Salaam. Lakini waliokuja na madaraka hayo walikuwa watumishi wa Serikali Kuu. Walitumwa. Hawakuchaguliwa na watu wa Kasulu wala wa Kibondo. Kwa maoni yangu, madaraka yalisafiri kwa gari moshi hadi Kigoma, yakashuka stesheni, na hayakupanda milima kuja kwetu.

Mwaka huohuo wa 1972 ilianza Operesheni Kigoma. Watu waliokuwa wakikaa mbalimbali milimani, kila mmoja na migomba yake, walihamishwa wakaishi pamoja katika vijiji. Vijiji vingi tunavyoishi leo vilianza hapo. Uliza wazee watakueleza. Wapo watakaokuambia kuhusu shule na kisima walichopata. Wapo watakaokuambia kuhusu nyumba iliyobomolewa na shamba lililoachwa na mazao ndani yake. Wote wawili wanasema kweli. Ila tukumbuke kwamba wakati ule halmashauri ya wilaya haikuwapo. Mtu mwenye malalamiko hakuwa na diwani wa wilaya wa kumpelekea.

Nisije nikaonekana kusema kwamba Serikali Kuu ni adui. Kampeni ya kusoma na kuandika ya miaka ile iliendeshwa na Serikali Kuu kwa nguvu zote. Mtihani wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba watu wazima 39 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1986 takwimu za Serikali zilionyesha kwamba wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Halmashauri moja yenye mfuko mtupu isingeweza kazi kama hiyo. Kuna mambo yanayotaka mkono mrefu.

Lakini mkono mrefu haufiki kila pembe. Mijini nako halmashauri zilikuwa zimefutwa, na usafi ukazorota. Miaka ya 1977 na 1978 kipindupindu kiliua watu. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria za kurudisha halmashauri zote, na mwaka 1984 zikaanza kazi. Mwaka huohuo ziliingizwa katika Katiba, ibara ya 145 na 146. Katiba ni sheria kuu ya nchi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta Serikali za Mitaa kulikuwa kosa.

KUTOA KWA MKONO HUU, KUCHUKUA KWA MKONO ULE

Halmashauri zilirudi na kodi. Iliitwa kodi ya maendeleo. Wengi wetu tunaikumbuka, maana mgambo walikuja alfajiri, na mtu asiye na stakabadhi alilala porini. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Tulishangilia tena, kama mwaka 1969. Halmashauri ikaanza kutegemea zaidi ruzuku. Ruzuku ni fedha ambayo Serikali Kuu huipa halmashauri. Tena mara nyingi huja na maelezo: hii ni ya darasa, hii ni ya choo, hii ni ya mishahara. Ukipewa fedha na mwenzako, na yeye ndiye anayesema ununue nini, wewe ni mtu wa kutumwa dukani.

Hata hivyo mwaka 1998 Serikali ilikuwa imetoa sera mpya. Iliitwa sera ya ugatuaji wa madaraka. Kugatua ni kutoa madaraka juu na kuyakabidhi kwa walio chini. Halmashauri iwe na fedha zake, iajiri watumishi wake, ipange mipango yake. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Mengine yalifanyika. Mengine yamerudi yalikotoka. Hata mwalimu wa shule ya msingi, ingawa yuko chini ya halmashauri, mshahara wake hutoka Hazina, na nafasi za ajira ya ualimu hutangazwa na Serikali Kuu.

Sasa tuje kwenye barabara ya mama. Barabara kuu, kama ile ya Kasulu kwenda Kibondo, iko chini ya TANROADS, chombo cha Serikali Kuu. Barabara za vijijini zilikuwa za halmashauri. Lakini mwaka 2017 Serikali iliunda TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Barabara za vijijini zikahamia huko, pamoja na mainjinia na fedha zake. Mwaka 2019 iliundwa RUWASA kwa ajili ya maji vijijini. Maji nayo yakaondoka katika halmashauri. Sababu iliyotolewa si mbaya: kazi ya kiufundi isimamiwe na mafundi, na fedha ya barabara isitumiwe kwa mambo mengine. Pengine ni kweli. Lakini diwani bado anasimama jukwaani wakati wa uchaguzi na kuahidi barabara na maji, na sisi bado tunampigia makofi. Anaahidi kitu ambacho mfuko wake hauko mikononi mwake. Diwani aliyemjibu mama kwamba jambo hilo haliko kwake hakusema uongo. Kosa lake ni kwamba hakumwambia liko wapi.

Mfano mwingine ni mikopo ya vikundi. Sheria ya mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 10 ni shilingi 10 katika kila shilingi 100. Shilingi 4 ni za vikundi vya wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ni ya halmashauri, imetokana na ushuru kama ule wa mama. Lakini mwezi Aprili 2023 Serikali Kuu iliagiza mikopo isimame ili utaratibu utazamwe upya. Nchi nzima ikasimama. Mwaka 2024 ikaruhusiwa tena. Huenda palikuwa na sababu nzuri ya kusimamisha, kwa kuwa vikundi vingine havikurudisha fedha. Mimi nataka tuone jambo moja tu: mwenye mfuko alikuwa mmoja, na aliyefunga mdomo wa mfuko alikuwa mwingine.

Ushuru wa mazao nao ni hivyohivyo. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, kama kahawa na tumbaku, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima na mnunuzi walipata nafuu. Halmashauri ya wilaya ya wakulima, kama zetu, ikapata pengo. Aliyeamua ni Bunge, Dodoma.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Msomaji mmoja ataniuliza: je, kila nchi iko hivi?

Tusiende mbali. Zanzibar ina Rais wake na Baraza lake la Wawakilishi. Nchi zetu mbili zilipoungana mwaka 1964, yaliandikwa mambo 11 ya Muungano, kama vile ulinzi na mambo ya nje. Baadaye yaliongezwa, na orodha ya leo ina mambo 22. Yasiyo ya Muungano Zanzibar inajiamulia yenyewe. Kila jambo linaloongezwa katika orodha ile linahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na ndiyo maana ndugu zetu wa Visiwani wanaihesabu kwa makini. Mkoa wa Kigoma hauna orodha ya namna hiyo. Halmashauri zetu zinalindwa na Katiba zisikosekane kabisa, lakini kazi zake na kodi zake hupangwa na sheria za Bunge, na Bunge likitaka linazibadili.

Kenya walipata uhuru mwaka 1963 wakiwa na majimbo yenye madaraka yake. Mwaka uliofuata majimbo yakaondolewa, na nguvu zote zikarudi Nairobi. Baada ya miaka mingi ya ugomvi, wakaandika Katiba mpya mwaka 2010. Sasa wana kaunti 47, na kila moja ina gavana anayechaguliwa na watu. Katiba yao inasema kaunti zote kwa pamoja zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kiasi hicho cha chini kimeandikwa, na waziri wa fedha hawezi kukipunguza kwa hotuba. Haina maana kwamba huko hakuna shida. Magavana wanagombana na Nairobi kila mwaka kuhusu fedha kuchelewa. Lakini wanagombana wakiwa na karatasi mkononi.

KILICHO CHETU

Je, kijiji hakina kitu? Kinacho, na ni kitu kikubwa. Ni ardhi.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano Mkuu ni nani? Ni mimi na wewe, ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Si mwenyekiti peke yake. Si mtendaji, ambaye ameajiriwa na halmashauri ya wilaya. Mwenyekiti akikaa na mgeni mwenye gari zuri, wakaandikiana ekari za kijiji mezani, karatasi hiyo haina nguvu kama Mkutano Mkuu haujakubali. Wanaume kwa wanawake tuna haki ya kuhudhuria, kuuliza na kukataa. Nasema hivi kwa sababu nimeona mikutano ambayo akina mama wanakaa nyuma kabisa, chini ya mti, na hawaulizwi chochote, ingawa wao ndio wanaolima.

Hata hapa pana mpaka. Sheria inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mdhamini ni mtu anayeshika mali kwa niaba ya wengine. Kwa manufaa ya umma Rais anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji iwe ya matumizi mengine. Lakini wanakijiji lazima waelezwe, na fidia lazima ilipwe.

Mambo mengine hayaji kabisa kwenye mkutano wetu. Mpaka wa nchi na Burundi, jeshi na wakimbizi ni kazi ya Serikali Kuu. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, haikupigiwa kura na vijiji vya jirani, ingawa kuni, maji na bei za sokoni vilibadilika kwa wote.

Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo hesabu za mapato na matumizi ya kijiji zinatakiwa kusomwa. Mtu anayejua kusoma anaweza kuomba aione karatasi yenyewe, badala ya kusikiliza tu.

KURUDI KWA MAMA

Wiki iliyofuata nilimjibu mama mbele ya darasa, na aliandika majibu katika daftari lake.

Ushuru wa soko: ni wa halmashauri. Anayeweza kuulizwa umefanya nini ni diwani, maana baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti.

Barabara: ni ya TARURA, ofisi ya wilaya. Barua iandikwe huko, na nakala kwa diwani na kwa Mkuu wa Wilaya.

Dawa: hapa hata mimi nilijifunza. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinapelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati. Hazikai tena wilayani. Zahanati ina kamati yake ya usimamizi, na ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Dawa huagizwa kutoka Bohari ya Dawa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuulizwa hakuwa diwani. Alikuwa mjumbe wa kamati.

"Huyo mjumbe ni nani?" mama akauliza.

Hakuna aliyejua. Watu 22 walikuwa darasani, na wote hutibiwa katika zahanati hiyo. Kisha mzee mmoja, anayekaa karibu na mlango, akainua mkono taratibu. Akasema kwamba miaka miwili iliyopita jina lake lilisomwa mkutanoni, lakini tangu siku ile hajaitwa katika kikao hata kimoja, na alidhani kazi ile ilikwisha.

Siku ya pili yake mama na mzee yule walikwenda zahanati pamoja. Waliomba kuona daftari la dawa zilizoagizwa na zilizopokelewa, na mganga akawaonyesha. Mzee anasoma polepole bado, kwa hiyo mama ndiye aliyesoma, na mzee akawa anafuata mistari kwa kidole. Kikao cha kamati kimepangwa Jumamosi. Barua ya barabara tumeiandika darasani, tumeisahihisha mara tatu, na imekwisha pelekwa.